Chupa ya Pili, Dimbwi la Chini

Kibandani, chini ya kifusi
Tarehe 27, mwezi wa pili

Mpwa wangu,

Nisingekuwepo mimi, huu mlima ungeshahama zamani ukaenda kukaa mjini. Watu hawajui. Wanaona mtu amekaa kwenye kiti mbele ya kibanda cha bati, wanadhani ni mlinzi. Mlinzi analinda mlango. Mimi nalinda mlima mzima, kifusi chote cha makapi ya makaa ya mawe ambayo wenye mgodi waliyamwaga hapa miaka thelathini, kisha wakafunga lango na kuondoka bila hata kusema kwaherini. Waliniachia mimi. Mkubwa wao alinishika bega akaniambia, "Bwana, tunakuachia nchi." Hakukuwa na shahidi, lakini ndivyo alivyosema.

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Na kazi uliyonipa nimeipokea kwa mikono miwili. Dereva wa gari la mizigo amelileta sanduku la chupa salama. Nimemwambia awe analichukua kila mwisho wa mwezi, asizembee, hii ni sayansi. Barua nitaziweka humohumo sandukuni, maana huku chini simu haishiki mpaka mtu apande juu ya kifusi, na mimi kupanda nimepunguza. Si magoti. Ni cheo.

Nimeanza leo. Chupa ya kwanza nimeijaza kwenye bomba linalotoka tumboni mwa kifusi, pale maji ya mvua yanapotokea yakiwa yameshakunywa uchungu wote wa makapi. Nimeonja tone moja kwa ulimi. Usimwambie mama yako. Meno yalikufa ganzi mpaka adhuhuri. Kisha nikaufuata ule mfereji wenu wa mawe ya chokaa, nikapita dimbwi la juu ambako kutu inatua chini kama uji, nikafungua kufuli la wigo, nikajaza chupa ya pili kwenye dimbwi la chini. Ufunguo ninao peke yangu. Hata upepo ukitaka kuingia mle unabisha hodi kwangu.

Penyewe ni pa amani, mpwa. Hakuna samaki, hakuna mdudu, hakuna kitu kinachorukaruka. Maji mekundu yamenyamaza. Mtu mwenye mawazo makubwa kama mimi anahitaji mahali kama pale.

Mama yako hajambo, ila nyonga inamsumbua. Bado anateka maji kisima cha mbali. Dimbwi la chini ni hatua mia tu kutoka shambani kwake, lakini ulimkataza asilisogelee, na dada yangu akikatazwa na mtoto msomi anatii kuliko alivyowatii waliomzaa.

Ni mimi mjomba wako,
Mkuu wa Mlima


Maabara
Tarehe 9, mwezi wa tatu

Shikamoo Mjomba,

Chupa zimefika zote mbili, nzima. Ahsante sana. Ila kwenye karatasi ya chupa naomba uandike tarehe na mahali tu. Uliandika "Maji ya Mheshimiwa," na mkuu wa maabara aliniuliza ni mheshimiwa yupi, ajiandae au vipi.

Na tafadhali usionje tena. Mashine yetu ya kupima ukali inasema chupa ya kwanza ni tatu. Maji ya kawaida huwa saba. Tatu ni siki, Mjomba, tena siki yenye madini. Chupa ya pili imesoma nne na kidogo. Maana yake mawe ya chokaa yameanza kuyatuliza, lakini polepole.

Nikueleze mambo yalivyo, ili ujue uzito wa hizo chupa. Mwezi wa tisa kamati itakaa. Kama chupa ya pili itakuwa imefika saba na kutulia hapo, maji ya dimbwi la chini yatafunguliwa kwenda shambani kwa Mama na kwa majirani, na mifereji mingine ya chokaa itachimbwa kuzunguka kifusi chote. Isipofika, litaletwa tingatinga, madimbwi yote mawili yafukiwe, na Mama aendelee na kisima chake cha mbali. Ripoti nitaandika mimi, lakini ripoti yenyewe ni chupa zako tu.

Pale dimbwi la chini usichote ukingoni. Simama juu ya ule ubao kati ya matete, uchote katikati. Umesema hakuna kiumbe. Ni kweli, maji yale yamekufa. Chura hunywa maji kwa ngozi, ndiyo maana huwa wa kwanza kuyakimbia yakiharibika. Siku chura atakaporudi pale, sitahitaji hata mashine.

Msalimie Mama. Mwambie asibebe ndoo kubwa.

Mpwa wako


Kibandani
Tarehe 29, mwezi wa nne

Daktari wa Maji,

Mambo huku yamekuwa makubwa kutokana na uongozi wangu. Wale kina mama uliowafundisha kutumia makapi sasa wanafyatua matofali mpaka uwanja umejaa. Wanachanganya makapi na udongo wa mfinyanzi, na tanuri likishawashwa tofali linajichoma lenyewe, kwa sababu ndani yake bado mna punje za makaa ambazo wenye mgodi hawakuziona. Kuni zinatumika nusu tu. Hili wazo, usiseme nimekwambia, lilianzia kichwani mwangu kabla hata hujazaliwa.

Niliwaeleza hivyo. Mwenyekiti wao, yule mjane mwenye ulimi wa wembe, akasema, "Bwana Mlima, kama tofali ni lako, hebu libebe tulione linavyokutambua." Nikabeba sita kwa mpigo. Waliohesabu mawili walisimama vibaya.

Na lile tope la kutu la dimbwi la juu wanalianika juu ya mabati, wanalitwanga, wanalichekecha kwa kitambaa, linatoka unga mwekundu laini kama poda. Ukichanganywa na mafuta ni rangi. Nimepaka mlango wa kibanda. Zahanati nao wameomba, milango yao yote sasa ni rangi ya mlima wangu. Mtu akiumwa anaingilia kwenye kutu yetu na kutoka amepona.

Mama yako alikuja kuutazama mlango. Akakaa kwenye kiti changu, kile chenye mguu mmoja wa tofali, akasema, "Mdogo wangu, hii sumu ilikausha mboga zangu miaka yote hiyo, kumbe ilitaka kuwa rangi tu." Dada yako husema maneno kama hayo kisha anaomba maji ya kunywa kama hajasema kitu. Samahani, mama yako. Nimezoea kumwona ni dada wa dunia nzima.

Dimbwi la chini limeanza kuwa jeupe. Nikisimama kwenye ubao naona mpaka chini. Matete yamenifika kifuani, na mimi si mfupi.

Mjomba wako,
Mvumbuzi wa Tofali


Maabara
Tarehe 8, mwezi wa tano

Shikamoo Mjomba,

Sita na nusu! Chupa ya pili imesoma sita na nusu. Nimepima mara tatu, nikafuta kioo cha mashine kwa shati langu, nikapima tena. Mkuu wa maabara alikuja akasimama nyuma yangu. Huyu ni mtu ambaye hata siku ya kuzaliwa mwanawe alisema "sawa" tu. Akasema, "Sawa." Halafu akaongeza, "Sawa kabisa."

Aliniuliza kama anayechota anaaminika. Nikamwambia huyo ni mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyenibeba mabegani kuvuka matope kwenda shule. Akasema namba hazina mjomba. Nikamwambia hizi zinaye.

Bado kidogo tu. Ukiona kiumbe chochote pale chini, hata kidudu kinachotembea juu ya maji, niandikie. Kila kitu ni habari njema.

Mpwa wako mwenye furaha


Kibandani
Tarehe 30, mwezi wa tano

Mpwa wangu,

Umeniambia niandike viumbe. Haya, kaa chini.

Juzi asubuhi nimefungua wigo, chupa mkononi, nimekanyaga ubao, nasikia kwenye matete kitu kinapumua. Nikabana pumzi. Nacho kikabana. Nikasogeza tete moja kwa kidole, tukatazamana. Chui, mpwa. Chui mzima. Macho makubwa yametoka nje, koo linapanda na kushuka, amejikunja tayari kuruka. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nikamwambia kwa upole, "Baba, wewe una makucha na mimi nina ufunguo." Akafikiri. Nikamwona kabisa anafikiri. Kisha akaruka, lakini upande wa pili, akatokomea.

Kina mama wa matofali walisikia ukelele. Huo ulikuwa wa chui.

Kofia yangu ilibaki dimbwini, na kiatu kimoja, ndiyo hasara za vita. Kwa hiyo kwenye orodha yako andika: viumbe, chui mmoja. Chupa zako hizi hapa zote mbili, kama kawaida. Kazi haikusimama hata dakika.

Usimwambie mama yako, atakosa usingizi.

Mjomba wako,
Shujaa


Maabara
Tarehe 11, mwezi wa sita

Shikamoo Mjomba,

Pole sana kwa mkasa. Natumaini hukuumia. Sikujua kuna chui maeneo hayo, na hata hapa hakuna anayejua, lakini pole.

Mjomba, kuna jambo. Chupa ya pili imesoma tatu. Chupa ya kwanza tatu, ya pili tatu, zimefanana kama mapacha. Kutoka sita na nusu mpaka tatu kwa mwezi mmoja. Nimeosha vyombo vyote upya nikarudia, na jibu ni lilelile.

Je, kuna kilichobadilika? Mvua kubwa? Ukuta wa mfereji umebomoka? Ulichota palepale kwenye ubao? Usiogope kunieleza lolote.

Mpwa wako


Kibandani
Tarehe 29, mwezi wa sita

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa heshima. Sasa nijibu kisomi.

Kwanza, mvua. Ilinyesha, lakini si ya kumtisha mtu. Pili, mfereji mzima, nimeukagua mwenyewe kwa macho na kwa fimbo. Tatu, chupa. Hizi chupa zenu za siku hizi ni nyembamba, maji hayastarehe ndani yake. Enzi zetu chupa ilikuwa chupa. Nne, huyo dereva. Anaendesha kama amemwibia mtu mbuzi. Maji yakitikiswa barabara nzima, mpwa, hata yakiwa matamu yatakasirika. Tano, hiyo mashine yenu ina umri gani? Mimi niliacha shule darasa la tano, kwa hiari, mwalimu mwenyewe alilia, lakini najua kwamba mashine nayo huzeeka. Sita, makaa ya mawe yana tabia zake. Niliyasukuma kwa toroli miaka kumi na minne, nayajua. Yakiona unayafuatafuata sana, yananuna.

Chupa zako hizi hapa. Nimezijaza vizuri sana.

Nilimsomea mama yako majibu yangu. Akawa anamenya viazi tu. Nilipomaliza akasema, "Mdogo wangu, tangu utoto, ukitoa sababu moja huwa ni kweli. Ukitoa sita umevunja chungu." Wanawake wa ukoo wetu wana dharau, na wewe usije ukairithi.

Mjomba wako,
Mkaguzi


Maabara
Tarehe 2, mwezi wa nane

Shikamoo Mjomba,

Za mwezi wa sita zimesoma tatu na tatu. Za mwezi wa saba tatu na tatu.

Mkuu wa maabara anasema hili hutokea. Kutu inaganda juu ya mawe ya chokaa kama koti, na jiwe likishavaa koti halifanyi kazi tena. Kwa hiyo miezi ile mizuri ilikuwa ya mwanzo tu, kabla mawe hayajachoka. Nimeamini. Sina sababu ya kutoamini. Nimeanza kuandika ripoti: mfereji umeshindwa, madimbwi yafukiwe. Naipeleka tarehe ishirini. Tingatinga litakuja mwezi wa tisa. Kina mama wataendelea na matofali, lakini tope la rangi litakwisha, na mifereji mingine haitachimbwa tena.

Niliuliza kama tutume mtu wa maabara aje kuchota upya. Mkuu akaniuliza, "Kwa nini, una shaka na anayechota?" Nikamjibu kwamba kwenye kazi hii yote, kitu pekee nisichokitilia shaka ni chupa za mjomba wangu. Basi akafunga jalada.

Sikulaumu kwa lolote, Mjomba. Jiwe halina mwenyewe. Nilitaka tu Mama asipande tena kile kilima na ndoo. Mwambie wewe, kwa maneno yako. Wewe unajua kusimulia jambo baya likasikika zuri. Mimi sina kipaji hicho.

Kaa mbali na yule chui.

Mpwa wako


Kibandani
Tarehe 7, mwezi wa nane

Mpwa wangu,

Barua hii haikungoja mwisho wa mwezi. Nimemsimamisha dereva barabarani kwa mikono miwili, nikamwomba radhi kwa mambo niliyoyasema juu ya uendeshaji wake, ambayo hakuwa ameyasikia. Akaniuliza nina homa?

Uliniambia nimwambie mama yako. Nilimfuata njia ya kisima nikiwa na maneno yangu tayari. Nimeshayapanga, yana mwanzo mzuri. Nikamkuta amekaa kwenye jiwe la kwanza, ndoo iko chini. Kumbe anapumzika mara tatu kabla ya kufika nyumbani, jiwe la kwanza, la pili, na pale kwenye kisiki. Mimi nakaa hatua mia mbili kutoka njia ile na sikujua. Nikachukua ndoo. Akashtuka, akasema, "Leo kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Akasema, "Basi ni kikubwa." Tukatembea. Yale maneno yaliyopangwa yalikataa kutoka, mpwa, na mimi sijawahi kukataliwa na neno tangu nizaliwe.

Sasa sikiliza. Usiandike hiyo ripoti. Mawe yako hayajavaa koti lolote. Ni mjomba wako.

Tangu ile siku ya mwezi wa tano sijakanyaga dimbwi la chini. Chupa zote mbili nimekuwa nikizijaza pale juu kwenye bomba. Ya kwanza kwenye bomba, na ya pili kwenye bomba hilohilo, kisha naandika "dimbwi la chini" kwa mwandiko mzuri. Nilijiambia maji ni maji, yatafika tu huko chini, kuna tofauti gani? Nilijiambia mwezi ujao nitashuka. Mwezi ukija nafika kwenye wigo, natia ufunguo kwenye kufuli, nasikia yale matete, nautoa ufunguo. Ulipoandika kwamba zimefanana kama mapacha, nilijua. Nikakupa sababu sita.

Huko maabara umeweka jina lako juu ya chupa zangu mbele ya mtu anayesema "sawa" tu. Nimekusoma mara nyingi hapo. Nikimaliza naanza tena.

Leo asubuhi nimeshuka. Nilivaa buti za mgodi, koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, na beseni kichwani kuziba masikio. Nilikuwa naimba. Mwenyekiti wa matofali aliniona akaita wenzake waje kuona, akasema, "Bwana Mlima, unaenda kuoa?" Sikumjibu. Ujue hali ilivyokuwa, kama mimi sikujibu.

Nimefungua kufuli. Nimesimama kwenye ubao. Mpwa, maji yale ni meupe mpaka nimeona kiatu changu kule chini, na kofia karibu yake. Nimechota katikati, nikasuuza chupa mara tatu kama ulivyonifundisha, nikajaza. Nilikuwa na haraka ya kutoka, kwa hiyo karatasi imelowa kidogo, lakini tarehe inasomeka na mahali ni pa kweli.

Utaona ndani ya chupa kuna vitu vidogo vyeusi vyenye mikia, vinacheza. Sikuvitia mimi. Visimwagwe mpaka mkuu wako avitazame kwa macho yake. Wewe mwenyewe uliwahi kuniandikia kwamba siku moja hutahitaji mashine, na sababu ulinitajia. Barua ile nilikuwa nayo mfukoni muda wote huu, nikajifanya sijafika mahali pale.

Mwambie mkuu kwamba namba hazina mjomba kweli, lakini mjomba alikuwa na namba na akaificha. Kama ni lazima nipewe adhabu, nipewe. Ila dimbwi wasilifukie. Dada yangu anapumzika mara tatu.

Mama yako nimeshamweleza, yote. Alicheka mpaka akashika nyonga. Nimemwomba asimwambie mtu, hasa yule mjane. Wewe nakwambia kwa sababu ya sayansi tu, na ukishasoma uichome.

Mjomba wako

N.B. Yule chui alikuwa chura. Mkubwa sana. Hapana, mpwa: alikuwa mdogo kama kifuniko cha chupa, na ule ukelele ulikuwa wangu.